Nilivyoiga njia ya Ken Loach, na siku niliyomuumiza mwigizaji wangu

Mwezi Novemba mwaka 2019 niliingia katika jumba la sinema mjini Newcastle nikiwa bado nimevaa sare ya kazi, kwa sababu zamu yangu ya asubuhi ilikuwa imekwisha, ya jioni haijaanza, na saa zile za katikati hakuna anayenilipa. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Nilizaliwa Tanga, nikahamia kaskazini-mashariki mwa Uingereza mwaka 2009, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuingia nyumba moja baada ya nyingine, kumwogesha huyu, kumlisha yule, kumkumbusha wa tatu dawa zake, kisha kukimbilia basi. Filamu niliyoitazama siku hiyo, Sorry We Missed You, inahusu familia ya mji huohuo ninaoishi: baba anaendesha gari la kusambaza vifurushi, na mama anafanya kazi yangu mimi, tena kwa basi, kwa kuwa gari lake limeuzwa ili mumewe apate gari la kazi. Nilitoka humo nikiwa na hakika kwamba kuna mtu aliyewahi kuketi jikoni kwa watu wa aina yangu akawasikiliza kwa muda mrefu kabla ya kushika kamera.

Mtu huyo ni Ken Loach, mwongozaji wa filamu wa Uingereza, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 83. Miaka mitatu baadaye nami nilipiga filamu yangu ya kwanza, fupi ya dakika 19, kwa kuiga njia yake. Nilifanya makosa mengi, mengine ya fedha na ya karatasi, ambayo huvumilika, na mengine ya kumuumiza mtu, ambayo mpaka leo hayajaniacha. Ninayaandika yote kwa ajili ya Mswahili mwenzangu, awe Newcastle, Muscat au Mwanza, ambaye ana hadithi ya watu wake na anataka kuipiga picha kwa fedha za mshahara wake.

Kwa muda wa mwaka mzima, hasa katika kipindi cha janga la korona, nilisoma kila nilichokipata juu ya maisha ya mwongozaji huyu na kutazama filamu zake kwa mpangilio wa miaka. Alizaliwa Nuneaton, tarehe 17 Juni 1936, mtoto wa fundi umeme wa kiwandani. Alisomea sheria Oxford, lakini akili yake ilikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Akafanya kazi katika jumba la maonyesho la Northampton, na mwaka 1963 akaingia BBC kama mwongozaji mwanafunzi. Mwaka 1966, kabla hajatimiza miaka 31, aliongoza Cathy Come Home, tamthilia ya televisheni juu ya mume na mke wanaopoteza makazi hatua kwa hatua mpaka mama ananyang'anywa watoto wake. Watu wapatao milioni 12 waliitazama, na suala la watu wasio na makazi likaingia katika mazungumzo ya nchi nzima. Mwaka 1969 ikatoka Kes, hadithi ya mvulana wa Barnsley, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, anayemfuga ndege wa jamii ya kozi. Mvulana aliyeigiza, David Bradley, alikuwa mwanafunzi wa hukohuko, na mwalimu wa michezo aliigizwa na Brian Glover, mwalimu wa kweli aliyekuwa pia mpiganaji wa mieleka na ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika filamu.

Kutokana na kusoma kote huko nilibeba mambo matatu nikaamini kwamba ndiyo njia yenyewe. La kwanza, chukua watu walioyaishi maisha unayoyasimulia. La pili, piga filamu kwa mfuatano wa hadithi, kuanzia onyesho la kwanza hadi la mwisho, ingawa ni ghali, ili mwigizaji akue pamoja na mhusika wake. La tatu, ambalo ndilo lililonivutia kuliko yote, usimpe mwigizaji mswada mzima. Mpe kurasa chache kila mara, na linapokuja jambo la kumshtua mhusika, limshtue na mwigizaji pia. Loach amefanya hivyo kwa miongo kadhaa, na ukitazama nyuso za watu wake utaelewa kwa nini. Katika Kes wale wavulana wanaochapwa viboko mikononi walichapwa kweli. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilishangaa, kisha nikaendelea kusoma. Nilipaswa kusimama hapo.

Hadithi yangu ilikuwa hii. Mhudumu mmoja kutoka Afrika Mashariki amepewa robo saa ya kumlisha mzee aliyekuwa mchimba makaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Durham. Akiwa katikati ya kumlisha anapigiwa simu kutoka nyumbani: dada yake amefariki. Mzee hajamaliza uji, mteja mwingine anangoja umbali wa maili tatu, na saa inakwenda. Ziara za robo saa ni jambo halisi katika kazi yetu, na kila mhudumu anajua kwamba muda wa njiani kati ya nyumba na nyumba mara nyingi hauhesabiwi.

Wahusika sikuwatafuta mbali, na sasa najua kwamba hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mhudumu aliigizwa na shangazi mmoja wa Mombasa tuliyekutana kwenye mikusanyiko ya Waswahili, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi hii miaka mingi kuliko mimi. Mzee aliigizwa na mchimba makaa mstaafu, mtu aliyeshiriki ule mgomo wa wachimba makaa wa mwaka mzima, kati ya 1984 na 1985, na kuona machimbo ya mwisho ya pwani ile yakifungwa mwaka 1993. Nilikutana na kila mmoja wao mara mbili tu. Nilisema moyoni kwamba shangazi ni mhudumu, mzee ni mchimba makaa, basi ukweli upo. Sikuzingatia kwamba Loach na wenzake hutumia miezi kuchagua watu: huwaita tena na tena, huzungumza nao juu ya wazazi wao na kazi zao, huwapa vijionyesho vidogo vya kubuni papo hapo, wala hawamweki mtu mbele ya kamera mpaka wamjue. Martin Compston, kijana wa filamu yake Sweet Sixteen ya mwaka 2002, alikuwa mcheza mpira asiyewahi kuigiza. Huwezi kumbebesha kijana kama huyo filamu nzima kwa kukutana naye mara mbili.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, niseme kidogo juu ya maandalizi, kwa kuwa hapa wengi hujikwaa. Nilikuwa na mhusika wa tatu, mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka tisa. Sikujua kwamba nchini Uingereza mtoto wa shule anayeigiza huhitaji kibali cha halmashauri ya mahali anapoishi, na kwamba maombi yanapaswa kufika siku 21 kabla. Niliyapeleka zikiwa zimebaki siku 12. Ikanibidi nimwondoe mtoto na kuandika upya kurasa nne kwa usiku mmoja. Vilevile usiingie nyumbani kwa mtu na kamera bila bima ya madhara kwa watu wengine. Mwenye nyumba anaweza asiulize, lakini halmashauri itauliza ukitaka kupiga picha barabarani, na mtu anayekukodisha kamera ataulizia bima ya vifaa. Andaa pia karatasi za ridhaa ambazo kila anayeonekana atatia saini kabla ya kupigwa picha, kwa lugha anayoielewa vizuri. Za kwangu zilikuwa za Kiingereza cha kisheria na shangazi alitia saini bila kusoma kwa sababu aliniamini.

Nikodi nini, ninunue nini, hayo niliyafikiria sana, na katika hayo nilipatia jambo moja tu: sauti. Niliambiwa na kila aliyenitangulia kwamba watazamaji husamehe picha yenye giza lakini hawasamehi maneno yasiyosikika, nikaajiri fundi wa sauti mwenye uzoefu kwa pauni 180 kwa siku. Kama una fedha za mtu mmoja tu wa kulipwa, mlipe huyo.

Tulianza mwezi Oktoba 2022, wikiendi tatu, siku sita kwa mpango, kwa mfuatano wa hadithi. Siku tatu za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilimwomba mpiga picha asimame mbali na kutumia lenzi ndefu, kama anavyofanya Loach, ili watu wasahau kamera, na kweli walisahau. Mzee alimwita shangazi kipenzi, kama wazee wa kule wanavyomwita kila mtu, akamsimulia habari za mgomo ambazo hazikuwemo katika mswada, na shangazi akamjibu kwa habari za bandari ya Mombasa alikofanya kazi baba yake. Nilipiga picha yote hayo nikifurahi.

Siku ya nne ilikuwa siku ya simu.

Shangazi hakujua. Nilikuwa nimempa kurasa zinazoishia pale mzee anapokataa kijiko cha kwanza. Mpiga picha na fundi wa sauti walijua. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya dirisha la jikoni katika baridi, nikampigia kwa simu niliyoazima ili namba yangu isionekane. Alipopokea nikabadilisha sauti kidogo, nikamsalimu kwa Kiswahili cha nyumbani, nikamwambia jikaze, dada yako ametutoka usiku wa kuamkia leo.

Kupitia dirishani nilimwona akiweka bakuli chini polepole sana. Kisha akakaa sakafuni. Hakupiga kelele, alikuwa anasema neno moja, tena, tena, tena, mara nyingi. Mzee, ambaye naye hakuambiwa kitu, aliinuka kwenye kiti ambacho katika hadithi hawezi kuinuka, akapiga magoti kando yake kwa taabu na kumshika bega. Nilipaswa kuingia saa hiyohiyo. Nilisubiri. Nilihesabu baadaye kwenye kanda: nilisubiri sekunde 70, kwa sababu kile kilichokuwa kikitokea mbele ya kamera kilikuwa kitu ambacho sijawahi kukiona katika filamu yoyote, na nilitaka kiishe chenyewe.

Nilipoingia nikamwambia kwamba ni sehemu ya hadithi, kwamba dada yake ni mzima. Alinitazama.

"Mwanangu, nani alikwambia habari za dada yangu?"

"Hakuna aliyeniambia, shangazi. Sikujua lolote."

"Hukujua kwa sababu hukuniuliza."

Dada yake alifariki mwaka 2021, Mombasa, wakati safari zilikuwa hazifanyiki, na habari ilimfika akiwa kazini, kwenye nyumba ya mteja, kwa simu. Ndugu mwingine aliyekuwa naye Mombasa ni dada mdogo, mgonjwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki, na kwa dakika nzima na zaidi aliamini kwamba huyo naye amekwenda. Yaani nilichokibuni mezani kwangu nikidhani ni ubunifu, yeye alikuwa amekwisha kukiishi, na nilikuwa nimemrudisha ndani yake bila ruhusa.

Tulifungasha vifaa. Nikiwa nakunja nyaya akasema jambo la pili, ambalo halikuwa la kilio hata kidogo. Alisema, "Filamu yako inalalamikia saa zisizolipwa. Mimi nimekaa hapa tangu saa mbili asubuhi, siku yangu ya nne, na wewe hujasema utanilipa nini." Ni kweli. Nilikuwa nawapa nauli na chakula. Fundi wa sauti alilipwa, mwenye kamera alilipwa, na watu wawili ambao bila wao hakuna filamu, waliofanana na mimi kwa kila kitu, walikuwa wanafanya kazi bure kwa ajili ya filamu inayosema kwamba kufanya kazi bure ni dhuluma. Sikuwa na jibu na sikujaribu kulitafuta.

Wiki tano hatukuzungumza. Katika wiki hizo nilirudi kwenye yale niliyoyasoma, safari hii bila haraka, nikitafuta kile nilichokiruka. Nikaona kwamba jambo ambalo halikubadilika katika kazi ya Loach tangu miaka ya 1960 si mbinu ya kushtua, bali ni watu. Mtayarishaji Tony Garnett alikuwa naye tangu enzi za BBC. Mwandishi Barry Hines, mtoto wa mchimba makaa, aliandika kitabu kilichozaa Kes na akaendelea kufanya kazi naye. Paul Laverty, aliyekuwa mwanasheria na aliyefanya kazi ya haki za binadamu Nikaragua, amemwandikia tangu Carla's Song ya mwaka 1996 hadi The Old Oak ya mwaka 2023. Mtayarishaji Rebecca O'Brien na mhariri Jonathan Morris wamekuwa naye kwa miongo. Mswada wa Riff-Raff, ya mwaka 1991, uliandikwa na Bill Jesse, mtu aliyefanya kibarua cha ujenzi mwenyewe, na waigizaji wake wakachaguliwa miongoni mwa watu waliowahi kufanya kazi kwenye majengo; Ricky Tomlinson, mmoja wao, alikuwa mpiga lipu aliyefungwa jela kwa sababu ya mgomo wa wajenzi wa mwaka 1972. Katika I, Daniel Blake ya mwaka 2016, filamu iliyompa mara ya pili Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, wale wanawake wanaogawa chakula cha msaada ni watu wanaofanya kazi hiyo kweli. Mshtuko, pale unapotumika, unatokea ndani ya nyumba iliyojengwa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeiba mlango tu.

Tena, hata kwa yeye mwenyewe, sikubali tena kila kitu. Viboko vya Kes vilitua mikononi mwa watoto, na ukubwa wa filamu hauvifanyi kuwa sawa. Nilikuwa naogopa kusema hivyo juu ya mtu ninayemheshimu kiasi hiki, lakini nadhani mtu anayejifunza kwa mwalimu ana wajibu wa kuchagua.

Nilikwenda kwa shangazi na biskuti na bahasha. Nilimwamkia, akaitikia, nikaomba radhi bila kueleza sababu zangu, kwa kuwa sababu zangu zilikuwa zinanitetea mimi. Nilimwambia kwamba nitafuta ile picha mbele yake akitaka. Alitaka. Nilikuja na kompyuta, tukaifuta pamoja, kwenye diski zote mbili. Mpiga picha alinilaumu kwa hilo, akasema hatutapata tena kitu kama kile. Alikuwa sahihi kwamba hatutakipata. Bahasha ilikuwa na pauni 480, yaani pauni 80 kwa kila siku kati ya siku sita, na kiasi hichohicho nilimpelekea mzee, ambaye alikataa mara mbili na kupokea mara ya tatu baada ya binti yake kumsihi.

Ndipo shangazi mwenyewe akaniuliza, tukiwa tunakunywa chai, kama nataka kujua siku ile ya kweli alifanya nini. Nikasema nataka, kama yuko tayari. Akasema hakulia. Alimalizia kumlisha mteja wake, akaosha bakuli na kikombe, akakausha, akarudisha kabatini, akaandika katika daftari la mteja saa aliyoingia, saa aliyotoka, chakula kilicholiwa, dawa zilizonywewa, akatia saini. Halafu akapanda basi. Alilia usiku, akiwa amekwisha kuvua viatu.

Tulipiga onyesho hilo mwezi Desemba, akiwa anajua kila neno la simu, akiwa ndiye aliyeliandika. Aliosha kikombe kile kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kuoshwa. Aliandika katika daftari. Mzee alimtazama mgongo wake bila kujua kitu, naye safari hii kutojua kwake kulikuwa ni uigizaji tu, na aliuweza. Siku hiyo ya ziada ilinigharimu pauni 500 na ndiyo iliyobeba filamu.

Juu ya fedha, nitaje zote ili asiwepo wa kudanganyika. Nilitenga pauni 2,400. Kamera na lenzi zilichukua 640, fundi wa sauti kwa siku tano 900, bima 130, chakula 410, usafiri 270, diski mbili za nje 150. Kisha yakaja ambayo sikuyahesabu kabisa: kusawazisha rangi na kuchanganya sauti baada ya uhariri 700, ada za kuingiza filamu kwenye matamasha 450, siku ya ziada 500, na malipo ya waigizaji wawili 960. Jumla ni pauni 5,110. Nyongeza hiyo niliilipa kwa kupiga video za harusi kila wikiendi kwa miezi saba, kazi ambayo sikuipenda ila ilinifundisha kushika kamera bila kutetemeka. Sehemu ya malipo ya waigizaji ndiyo ambayo ningeiweka ya kwanza kama ningeanza upya, na kama haitoshi ningepunguza siku, si watu.

Upo mtego mwingine, wa muziki. Nilikuwa nimefungia filamu kwa wimbo wa zamani wa taarabu ambao mama yangu aliupenda, nikauhariri vizuri kabisa, picha zikifuata fidla. Kumbe wimbo una haki mbili tofauti: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa ya pande zote mbili kwa maandishi. Mwenye rekodi sikuweza kumpata. Nikautoa, na uhariri wa dakika mbili za mwisho ukavunjika. Mahali pake pakaja wimbo wa kubembeleza mtoto ambao shangazi aliuimba jikoni kwake na fundi wa sauti akaurekodi kwa dakika kumi. Usihariri kamwe picha juu ya muziki ambao huna barua yake.

Filamu ilikamilika Mei 2023, mwezi uleule ambao Loach, akikaribia miaka 87, alipeleka The Old Oak mjini Cannes, hadithi ya wakimbizi wa Syria na baa moja katika kijiji cha wachimba makaa, iliyopigwa katika wilaya hiihii ya Durham. Niliipeleka yangu kwenye matamasha 14. Kumi na mawili yalikataa, mengi kwa barua ya mistari mitatu. Katika wiki za barua hizo kilichonisaidia hakikuwa zile tuzo zake bali miaka ambayo hakuna anayeipenda kuizungumzia. Kati ya Looks and Smiles ya mwaka 1981 na Hidden Agenda ya mwaka 1990 alitoa filamu moja tu ya sinema. Alikuwa na umri wa kati ya miaka 45 na 53, umri ambao waongozaji wengi huwa kileleni. Aligeukia makala za televisheni juu ya vyama vya wafanyakazi, na mfululizo wake mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya kituo cha televisheni cha Channel 4 haukurushwa hewani. Alipiga matangazo ya biashara ili kuishi, likiwemo la McDonald's, na amekiri hadharani kwamba hilo linamsuta. Palme d'Or ya kwanza aliipata mwaka 2006, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 70. Mimi nilikuwa na miaka 41 na barua 12 za kukataliwa, nikaziweka kwenye bahasha moja na kurudi zamu.

Tulionyesha filamu kijijini, katika ukumbi ambao wachimba makaa waliujenga kwa makato ya mishahara yao, kwa mashine ya kuazima na shuka jeupe. Nilikumbuka Ngome Kongwe ya Zanzibar, nilipotazama filamu ya kwanza ya wazi usiku wa tamasha nikiwa msichana, nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Watu wapatao 60 walikuja, na wahudumu wenzangu saba walikaa safu ya nyuma kwa sababu walikuwa wanapaswa kuondoka mapema. Lilipofika onyesho la kikombe, shangazi, aliyekaa pembeni yangu, alinishika mkono akauachia mwishoni. Mzee aliuliza kwa sauti kubwa kwa nini sehemu yake ya mgomo imekatwa. Nilimjibu kwamba ilikuwa ndefu. Akasema mgomo wenyewe ulikuwa mrefu. Alikuwa na haki. Naihariri sasa kama filamu ya peke yake, na nitampelekea aione kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hadithi ninayoiandaa baada ya hiyo inahusu familia moja ya Kikongo iliyopo Sunderland, watu wa Bukavu wanaozungumza Kiswahili chao ambacho masikio yangu ya Tanga yanajifunza upya. Tumekubaliana malipo kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya lolote. Nimewatembelea mara kumi na moja. Mara mbili za mwisho baba wa familia amenisimulia safari yao, na kila alipofika mahali fulani alinyamaza na kwenda kuangalia jiko. Sijamuuliza kuna nini hapo. Kamera bado sijaikodi.